Hawezi kazi, au hakupewa nafasi ya kuiweza?

Barua aliyonionyesha jirani yangu hapa Mbagala ina mistari minne. Utendaji wako hauridhishi, ajira yako inakoma leo, rudisha funguo za stoo, asante kwa utumishi wako. Alikuwa karani wa stoo kwa miaka miwili katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Leja yake ilisema kuna mifuko 140 ya saruji. Walipohesabu wakakuta 117. Mwezi wa tatu mfululizo hesabu inagoma. Hakuna aliyesema ameiba.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 37, inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili: sababu halali na utaratibu wa haki. Kushindwa kazi ni sababu inayokubalika. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinaeleza hatua zake: mfanyakazi ajue kiwango anachotakiwa kufikia, aelekezwe, apewe muda wa kujirekebisha, na kabla ya kuachishwa asikilizwe akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama.

Namwelewa tajiri wake. Ana watu sita, hana ofisa utumishi, na kila mteja anayeambiwa "mzigo upo" halafu ukakosekana anahamia duka la jirani. Alishamwambia kwa mdomo, tena mara nyingi. Vijana wa kupakia nao wamechoka kutazamwa kama wezi kwa sababu ya daftari la mtu mwingine. Kumwambia mtu wa namna hii kwamba ameshindwa kwa sababu ya karatasi tu kunauma.

Lakini mtu akishikwa na mali ya wizi, mali hiyo ni ushahidi. Uwezo wa kazi hauonekani hivyo. Utajuaje kwamba mtu hawezi kama hujamwelekeza na kumpa muda ukaona? Kwenye suala la uwezo, utaratibu ndio unaozaa ushahidi. Ukiuruka, sababu yenyewe inabaki dhana.

Nilimuuliza dada huyu swali moja: kwa nini ulichelewa kuandika kwenye leja mzigo uliotoka? Akasema hati za kutolea mzigo zilikuwa zinabaki kaunta, analetewa jioni zote kwa pamoja, magari yameshaondoka tangu asubuhi, nyingine hazifiki kabisa. Kikao cha nusu saa kingetosha kuligundua hilo.

Hata hivyo, dosari hazilingani. Angekuwa ameelekezwa, akapewa miezi miwili, akasikilizwa, kisha kikakosekana kipande kimoja cha kumbukumbu, nisingependa alipwe sawa na aliyefukuzwa ghafla. Sheria ilipotungwa iliweka fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12, lakini Mahakama ya Rufani imewahi kukubali kiasi kidogo zaidi pale sababu ilipokuwa halali na utaratibu ndio uliopungua. Naona ni sawa. Ila hilo linamfaa mwajiri aliyejikwaa njiani. Huyu wa Kariakoo hata safari hakuianza.

Shauri la kuachishwa kazi isivyo haki hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Zimepita 11. Jumatatu tunakwenda kuchukua fomu, na nimemwomba aandike majina ya waliokuwa wanamletea zile hati jioni, kabla hajasahau.