Hita Yangu, Kikao Chenu

Nasikia ndugu zangu wa Dar es Salaam wanalalamika joto. Wanalala feni inazunguka, madirisha wazi, wamejifunika shuka moja nyepesi, na bado saa sita usiku wanatuma ujumbe: "Tunaungua huku." Ungueni. Mimi niko Njombe, mwezi wa saba. Nimevaa soksi jozi mbili, suruali juu ya suruali, na jaketi la mtumba lililoshonwa kwa ajili ya Mzungu wa kuteleza kwenye theluji. Na hapo niko kitandani, ndani ya blanketi. Ujumbe naujibu kwa kidole kimoja, vingine vimegoma.

Mimi ni mtu wa Kilwa. Kwetu sweta ni kitu cha kumvalisha mtoto mchanga ili wageni waseme amependeza. Nilipohamishiwa huku kikazi watu walinipongeza: Njombe pazuri, kijani kibichi, viazi vya kumwaga, parachichi unapewa bure. Hakuna hata mmoja aliyetaja kwamba mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwamba kuanzia Juni hadi Agosti kuna asubuhi unafungua mlango unakuta majani ya bondeni yameamka meupe kwa sakitu. Parachichi zenyewe sizioni utamu, meno yanagongana.

Mama mkwe akapiga simu. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, nasikia mjukuu wangu anakohoa. Si muwashe jiko la mkaa mliingize chumbani?" Mama, nikamwambia kwa adabu zote, mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, mtu analala anaota joto na asubuhi haamki. Kila msimu wa baridi huku habari hizo zipo. Akanyamaza kidogo. "Basi baba nunua hiyo ya umeme. Au pesa hamna?" Mkwe akishakuuliza hivyo, huna tena uhuru wa kufikiri. Nikaenda dukani.

Muuza duka akanipokea kama vile nimechelewa. "Karibu bosi, hita zipo. Chukua hii, haili umeme kabisa." Nikamwangalia. Hita isiyokula umeme inaitwa stuli. Nikaigeuza, nikasoma kibandiko cha nyuma: wati 2000. Wati 2000 ni uniti mbili kwa saa, hapo hakuna mjadala. Akaleta nyingine, ya bei mara tatu, ina rimoti na taa ya bluu. "Hii sasa ni ya kijanja, ina teknolojia ya kubana." Nikageuza: wati 2000. Ndugu zangu, hapa ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe. Hita ya umeme iwe ya elfu hamsini au ya laki tatu, umeme wote unaoingia unatoka kama joto. Uniti moja ya umeme inatoa uniti moja ya joto, basi. Taa ya bluu haiongezi kitu. Unachochagua ni namna joto litakavyokufikia, na linapoishia.

Kuna ya feni, ile inayopuliza. Dakika tano chumba kimechangamka, ukizima dakika tano baadaye umerudi Njombe. Kuna ile ndefu yenye mapezi, ndani imejaa mafuta. Inachelewa kushika moto, lakini ukiizima inaendelea kutoa joto kwa muda, haina kelele, na kwa chumba cha kulala chenye dari ina heshima yake. Shemeji yangu niliyekwenda naye akauliza mafuta yake yanaongezwa wapi, na kama ya alizeti yanafaa. Muuza duka akamjibu yanafaa. Hayaongezwi popote, yamefungiwa humo kiwandani maisha. Halafu kuna ile yenye mirija inayowaka nyekundu, ambayo haishughuliki na hewa ya chumba, inampiga aliyekaa mbele yake moja kwa moja.

Sasa kabla hujachagua hita, inua macho uangalie juu. Mimi nikiinua naona bati. Nyumba niliyopanga haina siling bodi, na kuta za vyumba hazikufika juu. Mwenye nyumba aliishia kwenye usawa wa linta, akasema hela zimeisha, akapangisha. Kwa hiyo hewa ya moto ikishapaa inafanya mambo mawili: nusu inatokea kwenye bati inaenda kuwapasha kunguru, na nusu inaruka ukuta kwa jirani. Ya feni ningeiwasha kwangu, ningesikia watoto wa upande wa pili wanasema, "Leo kuna joto, mama." Asante sana. Nikachukua ya mirija. Miwili, kila mmoja wati 400. Unaweza kuwasha mmoja, na ikibidi yote miwili.

Hesabu niliifanya pale pale kwenye kaunta. Ya wati 2000, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, ni uniti nane. Kwa bei tunayonunulia sisi, shilingi 356 na senti zake kwa uniti ukijumlisha kodi na tozo, ni kama shilingi 2,850 kwa jioni moja. Mwezi mzima, elfu themanini na tano. Hiyo ni pango la watu wengine! Ya mrija mmoja kwa muda ule ule ni shilingi 570. Ile bei ya shilingi 122 kwa uniti ipo, ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, ila sisi tunaisikia redioni tu. Nyumba yetu ina wapangaji watano na mita moja ya LUKU. Uniti 75 tunazimaliza hata mwezi haujapata jina.

Na hapa ndipo ninapochoka kabisa. Mto Ruaha Mkuu unaanzia huku huku kwetu kwenye baridi, milima ya Kipengere na Uporoto. Maji yanateremka Usangu, yanafika Mtera kwenye mitambo ya megawati 80, yanashuka Kidatu kuzungusha mingine ya megawati 204, kisha yanaingia Rufiji, ambako sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Yaani maji yale yale yanayonigandisha vidole asubuhi yanaenda zake Pwani, yanageuka umeme, umeme unapandishwa mlima kurudi kwangu, na nikitaka kuota joto naununua. Na kaka yangu yuko Dar es Salaam anautumia umeme huo huo kwenye kiyoyozi ili asikie baridi. Analipia baridi! Si aje achukue hii ya bure, gunia zima, na nauli nampa.

Basi. Hita imefika nyumbani, mama watoto ameifuta vumbi ambalo halikuwepo, tumeiweka sebuleni. Kijana wa bodaboda, mpangaji mwenzangu, akaja na ekstensheni yake kunisaidia. Ilikuwa imebeba televisheni, sabufa na chaja za simu ambazo sijui ni za nani. Nikakataa. Ya mirija yangu ingevumilika, lakini tabia ndiyo hiyo hiyo, kesho mtu atachomeka ya wati 2000 inayovuta karibu ampea tisa kwenye waya mwembamba kama uzi wa kushonea, na kitakachopata joto ni nyumba nzima. Hita inakaa kwenye soketi ya ukutani. Na nguo za mtoto hazianikwi juu yake, hata kama mama mkwe amesema zianikwe.

Raha yake? Mbele unaiva, mgongo uko Makete. Ndiyo maana tunakaa kwa zamu: robo saa uso, robo saa mgongo, mtoto katikati. Tukajaza matambara chini ya mlango, nikaziba na magazeti ule uwazi wa dirisha ambao mwenye nyumba anauita hewa safi. Kulala hatulali nayo. Mama watoto anachemsha lita mbili za maji kwenye birika, anajaza mpira wa maji ya moto, anaufunga kwa kanga, anautia miguuni. Maji hayo hayali hata robo ya uniti. Kwa kweli ule mpira unaishinda hita kwa kila hesabu, ila huwezi kuuonyesha kwa wageni.

Hatujamaliza hata wiki, LUKU ikaisha kabla ya siku yake. Mita ikalia. Nikaitwa kwenye kikao.

Ajenda moja: hita ya baba Kilwa. Ndivyo wanavyoniita. Aliyefungua kikao ni baba mmoja mstaafu wa chumba cha uani, mtu mzima, tunamheshimu, ana sauti ya bungeni. "Ndugu wapangaji, tulikuwa tunaishi vizuri mpaka chombo hiki kilipoingia." Wote wakatikisa vichwa. Ikapendekezwa mwenye hita aongeze elfu tatu kila wiki juu ya mchango wake. Nikawaambia sawa baba, lakini naomba daftari, tuhesabu wote.

Tukaanza na hita ya ndoo, ule msokoto wa waya wanaotumbukiza kwenye maji ya kuoga. Hiyo kila chumba kinayo, na hakuna aliyewahi kuiitia kikao. Ndoo ya lita 20, ukitoa maji kwenye ubaridi wa Njombe mpaka yaogeke, inakula zaidi ya nusu uniti. Nyumba hii asubuhi tunaoga watu kumi na kitu. Kijana wa bodaboda anaoga mara mbili, na ya pili anaisahau, ndoo inachemka mpaka mvuke unatoka chini ya mlango. Anataka kupika viazi? Kimya. Nikaenda kwenye pasi: mama anayefanya kazi benki anapiga pasi kila asubuhi mpaka soksi. Kimya. Jiko la koili la jirani wa kushoto, maharage, saa tatu mfululizo, bila kuyaloweka usiku. Hapo mwenyewe akainuka kwenda kuangalia mtoto.

Tukafika kwenye friji ya mstaafu. Jamani. Friji, Njombe, mwezi wa saba! Nyama ukiiacha mezani asubuhi unaikata kwa panga. Kuna siku nina hakika ndani ya friji ile kuna joto kuliko jikoni kwangu. Nyanya zimewekwa humo zipumzike. Na mgongo wa friji unatoa joto mchana na usiku, chumba chake ndicho chenye joto zuri nyumba nzima, kwa mchango wetu sote. Nikasema hayo kwa heshima, nimeinamisha kichwa, mikono nyuma. Mzee akakohoa. Akasema friji ni kifaa cha lazima kwa sababu ya dawa zake. Dawa zenyewe nazijua, ni ulanzi, pombe ya mianzi. Lakini ni mtu mzima, nikanyamaza.

Kikao kiliamua elfu tatu nitoe. Kura zilikuwa tano, nne dhidi yangu. Demokrasia.

Sasa tazama kinachoendelea. Saa moja jioni hodi inapigwa. "Karibu baba." Mstaafu huyo, amekuja kunisalimu, hajawahi kunisalimu tangu nihamie. Anakaa kwenye kiti changu, kile kinachotazamana na mrija. Mara mama wa benki, amekuja kuuliza kama tuna chumvi. Chumvi amepewa, ameishika mkononi, amekaa. Kijana wa bodaboda haulizi kitu, anaingia na mito yake. Jirani wa kushoto analeta sufuria la maharage, walau huyo ana shukrani, ila watoto wake watano wamekuja nalo. Taarifa ya habari ya saa mbili tunaisikiliza watu kumi na wawili kwenye sebule ya watu watatu. Mimi mwenye hita niko nyuma, karibu na mlango, juu ya ndoo iliyopinduliwa, namulikwa na mgongo wa mstaafu.

Nikamwambia mama watoto, kwa kuwa wanaota wote, ile elfu tatu igawanywe kwa vichwa. Akanibana kwa jicho: wageni hawadaiwi. Nikajaribu kuisema kwa mzaha. Walicheka sana, tena mstaafu alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akaniuliza kwa nini nimewasha mrija mmoja. "Baba Kilwa, usiwe mchoyo. Washa na wa pili, mtoto asikohoe." Mtoto wangu! Nikawasha.

Saa nne wakaanza kuaga. Mstaafu ndiye wa mwisho, kwa sababu anaaga hatua kwa hatua. Akafika mlangoni, akaufungua wote, akasukuma matambara kwa mguu, akasimama hapo katikati na upepo wa Njombe unampita pembeni kuja kwangu. Akageuka. Kesho, akasema, kwa kuwa ni Jumapili na watu wako nyumbani, je, hatuwezi kuwasha kuanzia saa tisa?