Msumari, kadi na friji: mstaafu achanjwe wapi?

Kuna baraza moja pale Rau, Moshi, ambapo jioni hukaa wastaafu wawili. Mmoja ni shangazi yangu. Alitumikia wazee wa watu huko Minnesota kwa zaidi ya miaka ishirini, akikatwa kodi kila mshahara, na alipofika 65 akapewa kadi ya Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee. Mwenzake ni jirani, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), yeye na mkewe. Presha yao inakaribiana, magoti yanawauma miezi ile ile, na wote wanaamini mchungu wa mwarobaini kuliko daktari yeyote aliye chini ya miaka arobaini.

Shangazi huja Novemba akiikimbia baridi, hurudi kwa watoto wake Mei. Safari iliyopita alifika na karatasi ya chanjo alizodungwa kabla ya kupanda ndege: mafua, UVIKO-19, na ya mkanda wa jeshi. Hakutoa senti. Mbili kati ya hizo alidungwa kwenye famasi iliyo ndani ya duka kubwa la vyakula, akiwa na toroli la maziwa na viazi. Mwalimu aliigeuza ile karatasi mbele na nyuma, kisha akauliza, "Na mimi hizi nakwenda kuzichukua dirisha gani?"

Swali hilo limenikaa kichwani tangu siku ile. Jibu la haraka ni kwamba hakuna dirisha. Lakini jibu la haraka linaficha mambo mawili: kwamba njia ya shangazi ina mitego ambayo karatasi haioneshi, na kwamba hapa kwetu friji yenye jibu, angalau sehemu yake, iko karibu na nyumba ya mwalimu kuliko anavyodhani.

Nianze na njia ya shangazi. Medicare ilipoundwa kwa sheria ya 1965, haikulipia kinga. Ilikuwa bima ya mtu aliyekwisha kuugua. Chanjo ziliingia moja moja, kila moja kwa kupigiwa kelele: ya nimonia mwaka 1981, ya homa ya ini B mwaka 1984 kwa walio hatarini, ya mafua mwaka 1993. Hizi zikawekwa katika Sehemu B, inayolipia madaktari na huduma za nje ya wodi. Ilipoanza Sehemu D ya dawa mwaka 2006, chanjo nyingine zikaangukia huko: mkanda wa jeshi, pepopunda pamoja na kifaduro, na baadaye ile ya RSV, virusi vinavyoshambulia njia ya hewa. Kwa miaka mingi mzee wa Sehemu D alichangia kutoka mfukoni, na chanjo ya mkanda wa jeshi, ambayo ni dozi mbili na bei yake ya orodha inakaribia dola 200 kwa dozi, iliwashinda wengi. Sheria iliyosainiwa Agosti 2022 ilifuta mchango huo kuanzia Januari 1, 2023. Kwa hiyo ile ya mkanda wa jeshi kuwa bure kwenye karatasi ya shangazi ni jambo la juzi tu.

Mgawanyo wa B na D ndio unaoamua mzee aende wapi. Chanjo ya mafua ataipata kwa daktari wake au famasi, popote wanapopokea Medicare. Ya mkanda wa jeshi, akienda kwa daktari, anaweza kuambiwa kwamba ofisi ile haina njia ya kuudai mpango wake wa dawa wa Sehemu D. Atoe hela yake kwanza, abaki na risiti, aandike madai, asubiri. Akienda famasi iliyo katika mtandao wa mpango wake, inaisha pale pale. Kichekesho kikubwa ni pepopunda. Mzee akidungwa kwa kujikinga tu, ni Sehemu D na halipi kitu. Akikanyaga msumari kwanza ndipo akaenda kudungwa, sindano hiyo inakuwa tiba ya jeraha, inahamia Sehemu B, na kwa kawaida anachangia asilimia 20. Msumari mmoja unahamisha sindano ile ile kutoka daftari moja kwenda jingine.

Na mtego mkubwa zaidi kwa watu kama shangazi: Medicare hailipi nje ya Marekani, isipokuwa katika hali chache mno. Kadi yake ikifika uwanja wa ndege wa KIA inakuwa karatasi tu. Wapo wazee wetu waliorudi nyumbani moja kwa moja wakaendelea kukatwa mchango wa kila mwezi wa Sehemu B, kwa sababu ukiiacha kisha ukaitaka tena unaongezewa faini ya asilimia 10 kwa kila miezi kumi na miwili uliyokosa. Wanalipia mlango ulio ng'ambo ya bahari. Ndiyo maana shangazi hupanga chanjo zake kama watu wanavyopanga mazao: mafua mwezi wa tisa au wa kumi, mkanda wa jeshi dozi ya pili miezi miwili hadi sita baada ya ya kwanza, zote ziishie kabla ya tiketi.

Wanaoitetea njia hiyo wana hoja nzito, na siwezi kuipuuza. Bima ikishakubali kulipia chanjo, soko linaifuata. Famasi zinanunua friji, zinafundisha watu wao kudunga, zinafungua hadi usiku. Mzee hapangi foleni na watoto wachanga wala hapotezi siku nzima. Zaidi ya hayo, chanjo inakuwa haki iliyoandikwa, haisubiri kampeni wala mgeni rasmi. Mstaafu aliyekatwa asilimia tatu ya mshahara maisha yake yote, na mwajiri wake akaweka tatu nyingine, ana sababu ya kuuliza kwa nini mfuko wake unalipia kulazwa kwa kichomi, yaani nimonia, lakini si sindano ya kukizuia. Mwalimu aliuliza hivyo hivyo, kwa sauti ya darasani.

Lakini tuichukue hoja hiyo tuishushe hapa Moshi, tuone inatua wapi.

Kwanza, famasi zetu hazichanji. Duka la dawa la mtaani linauza, halidungi chanjo, na chanjo inataka kukaa nyuzi 2 hadi 8 saa zote, umeme uwepo usiwepo. Pili, kulipia kwa kadi kunategemea mtoa huduma akubaliane na bei ya mfuko. Tulioishi Machi 2024 tunakumbuka kitita kipya cha mafao kilipoanza kutumika na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kuwapokea wanachama wa NHIF kwa madai kwamba bei zimeshuka mno. Wazee walirudi nyumbani na kadi zao mkononi. Ukiiweka chanjo kwenye kitita, umeiweka pia kwenye mvutano huo. Na tatu, ambalo kwangu ndilo zito, wazee wengi wa mkoa huu hawakuwahi kuajiriwa na mtu. Wamezeeka kwenye kihamba, kati ya migomba na kahawa. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, lakini kupitisha sheria na kumfikishia kadi bibi wa Kibosho ni safari mbili tofauti. Bakteria wa kichomi hawamuulizi mtu kama alikuwa mtumishi wa umma.

Upande wa pili unasema: chanjo si mali ya bima, ni kazi ya Mpango wa Taifa wa Chanjo, ulioanza mwaka 1975 na kufika hadi zahanati za milimani. Pale hakuna kadi ya bima inayoulizwa. Mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mkata majani wanachomwa sindano moja, bure, na jina linaandikwa kwenye kadi ya kliniki. Mpango huu umeonesha kwamba ukiamua kuongeza kundi jipya, unaongeza. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilijaribiwa hapa hapa mkoa wa Kilimanjaro mwaka 2014 kabla ya kwenda nchi nzima mwaka 2018. Na Julai 2021, chanjo za UVIKO-19 zilipowasili, waliopewa kipaumbele ni pamoja na wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Safari hiyo mzee aliitwa kliniki kuchanjwa yeye mwenyewe, hakuitwa kumsindikiza mjukuu.

Tena kuna faida ya chini kwa chini ambayo watetezi wa kadi huisahau. Chanjo ya nimonia ya watoto, inayotolewa nchini tangu miaka kumi na zaidi iliyopita, haimkingi mtoto peke yake. Watoto ndio wanaobeba wale bakteria puani na kuwapelekea babu na bibi. Marekani waliona hilo baada ya mwaka 2000: walichanja wachanga, ugonjwa ukapungua hata kwa wazee wasiochanjwa. Bibi anayempeleka mjukuu kliniki kwa wakati anajitibu pia.

Hata hivyo njia hii nayo ina donda lake, na tusilifunike. Sehemu kubwa ya chanjo mpya katika nchi kama yetu zimeingia kwa msaada wa Gavi, shirika lililoundwa mwaka 2000 kwa ajili ya watoto wa nchi maskini. Pesa ikija na jina la mtoto, ratiba inaandikwa kwa jina la mtoto. Ndiyo maana ratiba yetu ya kawaida ina wachanga, wasichana na wajawazito, kisha inanyamaza. Mtu akivuka uzazi, friji inamfungia, hadi aumwe na mbwa, akanyage msumari, au apate safari. Wanaokwenda Hija wanaijua hii: Saudia inataka cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, iliyodungwa siku kumi au zaidi kabla ya kuwasili, na mstaafu aliyetenga kiinua mgongo chake kwa safari hiyo anajikuta anaitafuta chanjo kama mtu anayetafuta vipuri vya gari la zamani.

Sasa niseme ninakoegemea. Kuyaingiza mafao yote ya shangazi kwenye kadi ya mwalimu kungekuwa kosa. Chanjo ya mkanda wa jeshi ni nzuri, maumivu yake nimeyaona kwa mama mkubwa na simtakii adui, lakini kwa bei ile, mfuko unaohangaika kulipia dawa za presha na sukari utatoa wapi? Ya mafua inataka kurudiwa kila mwaka, na katika nchi za joto mafua hayana msimu mmoja wa kuvizia kama Minnesota. Ya nimonia kwa watu wazima, ambayo siku hizi inaweza kuwa dozi moja tu, ningeipigania, na ningeipigania kupitia zahanati, kadi au bila kadi. NHIF inaweza kuchangia gharama ya wanachama wake nyuma ya pazia, serikali na mfuko wapelekeane hesabu huko huko. Mzee asihusishwe na daftari gani linalipa. Hilo ndilo somo la Medicare ninalolichukua, kwa kinyume chake.

Lakini hata kabla ya nimonia, kuna chanjo ambayo tayari imo ndani ya friji ya kila kliniki ya mama na mtoto: ya pepopunda, siku hizi ikiwa pamoja na dondakoo. Mke wa mwalimu alidungwa kila alipokuwa mjamzito. Ratiba kamili ya mama ni dozi tano, na akizikamilisha kinga inadumu miaka mingi. Mwalimu mwenyewe, kama wanaume wengi wa rika lake, hakuna aliyewahi kumwita. Alizaliwa kabla ya mpango wa 1975, hakubeba mimba, basi akapita katikati ya nyavu zote mbili. Na amestaafu kwenda kufanya nini? Kushika jembe. Anazungusha mbolea ya ng'ombe pekupeku, anang'oa misumari kwenye mbao za banda la kuku. Tumemstaafisha chaki tukamkabidhi udongo, ambao ndio makao ya vijidudu vya pepopunda, na ugonjwa huo ukishaingia unaua hata palipo na hospitali ya rufaa.

Hapa hakuna friji mpya ya kununua wala kitita cha kujadili. Kinachohitajika ni mstari mmoja kwenye mwongozo unaomruhusu muuguzi kumdunga mwanaume wa miaka sitini bila kumuuliza ameumia wapi. Kwa sasa akienda anaulizwa. Mwalimu alijaribu. Kwenye kituo kimoja, ambacho sitakitaja, muuguzi alimwangalia juu mpaka chini akamwambia kwa upole, "Babu, hii ni ya akina mama. Wewe rudi ukiwa na kidonda."

Alirudi barazani akicheka, lakini kicheko cha upande. Shangazi, ambaye alichomwa ya kwake famasi kwa kuonesha kadi tu, alimuuliza kama amebaki na msumari wowote kwenye lile banda. Mwezi ujao mjukuu wa mwalimu anatimiza miezi kumi na minane, anastahili dozi ya pili ya surua na rubela, na anayempeleka ni mwalimu. Amesema safari hii atauliza tena, na ataanza kwa mganga mfawidhi.