Hiyo "for" itoe

Nina steshenari ndogo Ngamiani, hapa Tanga: kompyuta mbili na mashine ya fotokopi inayotafuna karatasi. Zamani nilifundisha Kiingereza, ndiyo maana wateja bado wananiita mwalimu, na ndiyo maana siwezi kuchapa barua ya mtu nikanyamaza.

Majuzi binti mmoja kaniletea barua ya kuomba kazi, kaiandika kwa mkono, mwandiko unavutia. Mstari wa mwisho: "I am awaiting for your reply." Nikamwambia, mwanangu, hiyo "for" itoe.

"Eh, mwalimu! Si ninyi mliotufundisha 'wait for'? Tena kwa fimbo!"

Alinibana. Mtoto wetu akianza Kiingereza husema "I am waiting you", kwa sababu kwao husemwa nakungoja, nakusubiri, nangoja basi. Kitenzi na kinachongojwa havina kizibo katikati. Tunamkosoa mpaka "for" inamganda ulimini. Akikua anakutana na "await", anaona ni "wait" ile ile iliyovaa suti, anaibandika "for" yake kwa utiifu wote. Kumbe hili ndilo lenye tabia ya kwetu: hupokea yambwa, yaani kile kinachongojwa, moja kwa moja. "Await your reply" ni nangoja jibu lako, basi. Tungewaambia hivyo darasani, kwamba moja linafanana na letu na lingine halifanani, tungeokoa fimbo nyingi. Sisi tulikariri, tukakaririsha.

Suti nayo ina masharti yake. "Wait" unaweza kumpigia mtu kelele akiwa ng'ambo ya barabara, kama "Ngoja!" "Await" haisimami peke yake hivyo, lazima itaje kinachongojwa. Na kinachongojwa mara nyingi ni jambo zito: hukumu, matokeo ya mtihani, jibu la ofisi. Ukisema una-"await" daladala ya Raskazone, Mwingereza atakuelewa, ila atadhani unaigiza tamthiliya. Jambo lenyewe pia linaweza kukungoja wewe, kama tunavyosema kazi kubwa inakusubiri.

Ninachokipenda zaidi ni asili ya "await". Neno lilitoka Kifaransa cha kale cha kaskazini, na maana ya awali ilikuwa kumchungulia mtu, kumvizia. Nikifikiria barua zinazolala kwenye mameza ya wakubwa, naona hiyo maana ya kale ndiyo inayotufaa. Sisi neno subiri tulilipata kwa Waarabu, na kwao subira na mshubiri ule mchungu ni mzizi mmoja. Aliyewahi kupaka shubiri kwenye ziwa ili mtoto aache kunyonya hahitaji maelezo.

Binti alifuta "for", akalipa shilingi 500, akaenda.

Hii ni wiki ya tatu. Jana kapita na ndoo ya dagaa, nikamuuliza, vipi, wamejibu?

"Wapi, mwalimu. Ngojangoja tu."

Nikabaki kwenye kiti changu natafuta Kiingereza cha ngojangoja. "Wait" haitoshi, "await" ndiyo kabisa.