Kiwango cha kawaida cha seli za kinga: kimepimwa kwa damu ya nani?

Picha kamili ya damu (hesabu ya seli zote za damu) ikitoka kwenye mashine, kila namba huwa na kiwango cha kawaida pembeni, na iliyopungua huwekewa herufi L. Mara nyingi kiwango hicho kimekuja na mashine, na asili yake ni damu ya watu wazima wa Ulaya au Marekani.

Chukua nyutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zikiwa 1,200 kwa mikrolita. Kwa kikomo cha chini cha 1,500, mwenye damu hiyo ana upungufu: anaweza kukataliwa kwenye jaribio la chanjo au kuahirishiwa dozi ya dawa ya saratani. Lakini Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara wana badiliko la jeni la ACKR1 linaloondoa protini iitwayo alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu. Nyutrofili zinazozunguka kwenye damu yao huwa chache, na hawaugui zaidi kwa sababu hiyo. Hapa hoja ya kuwa na viwango vyetu haina mjadala, na ndiyo maana tafiti za viwango vya wenyeji kama zile za Kericho (Kenya) na Mbeya (Tanzania), zilizochapishwa 2008, zina thamani.

Wanaosita kutengeneza viwango vya mahali nao wana hoja nzito. Kanuni inataka watu wasiopungua 120 kwa kila kundi, na kwa kuwa wanawake kwa kawaida wana CD4 (seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU) nyingi kuliko wanaume, hao ni 240. Ukipanga majibu 120 kuanzia dogo na kubakiza asilimia 95 ya katikati, kikomo cha chini ni jibu la 3 na cha juu ni la 118. Kikomo kizima kinamtegemea mtu mmoja! Ukitaka uhakika wa asilimia 90, kikomo cha chini kinaweza kuwa popote kati ya jibu la 1 na la 7. Wakipenya wawili wenye VVU ambao hawajijui, kazi imeharibika. Kwa hiyo pima VVU, homa ya ini na ujauzito kwanza, na mwenye homa wiki hiyo asiingizwe.

Kisha kuna mkono wa mpimaji. Kwenye chupa ya CD4 yenye vishanga vya kuhesabia huingia damu mikrolita 50. Mikrolita 5 zikiganda ukutani mwa chupa hazikutani na kingamwili za rangi zinazoonyesha CD4, na jibu linashuka kwa asilimia 10: mwenye 500 anasomeka 450. Saa ya kutoa damu nayo ni muhimu, maana CD4 za jioni huzidi za asubuhi. Wote watolewe damu asubuhi, damu ikae kwenye joto la chumba bila kuingia friji.

Maabara ya wilaya isiyo na fedha za watu 240 ina njia halali: ichukue kiwango kilichotengenezwa jirani kwa mashine ya aina ileile, ipime watu 20 wenye afya. Majibu ya watu wawili au pungufu yakiwa nje ya kiwango hicho, kiwango kinafaa. Wakizidi, wapimwe 20 wengine. Wakizidi tena, hakifai.

Ugumu halisi uko kwenye eosinofili, chembe nyeupe zinazoongezeka mtu akiwa na minyoo. Penye minyoo na kichocho huwa nyingi hata kwa watu wanaolima kutwa bila kulalamika. Ukiwaingiza wote, kikomo cha juu kinapanda na minyoo inageuka kuwa afya. Ukiwatoa wote, huenda usipate 120. Naona kipimo cha uamuzi ni kama hali ina tiba. Nyutrofili chache za kurithi hazina cha kutibiwa, basi kikomo kishuke. Minyoo inatibika, basi wapewe dawa kwanza, wapimwe baada ya miezi kadhaa.

Na kikomo cha CD4 cha wenye afya kisichanganywe na mstari wa ugonjwa. Hata kama kikomo cha chini cha watu wenye afya wa mahali fulani kingekuwa 400 badala ya 500, mstari wa 200 unaotambulisha ugonjwa wa VVU uliokomaa hausogei, kwa sababu uliwekwa kwa kuangalia hatari ya magonjwa nyemelezi. Mwenye VVU na CD4 190 achunguzwe kifua kikuu na kriptokokasi (fangasi wanaoweza kushambulia ubongo) siku hiyohiyo, awe wa Mbeya au wa London.