Kaunsili, mwandikieni daktari wenyewe

Waswahili tunaoishi Uingereza tunaijua vizuri safari hii. Mtu anaumwa, nyumba inamzidishia maradhi, anaomba kaunsili, yaani serikali ya mtaa inayogawa nyumba za umma, imhamishe, naye anaambiwa alete barua ya daktari. Akipiga simu kliniki ya mtaani, huenda akajibiwa kuwa barua za nyumba hazimo katika kazi ambazo NHS, huduma ya afya ya umma, inawalipa madaktari wa familia: alipie au akose. Akilipia, barua yake inaweza kuishia mezani kwa mshauri wa kitabibu wa kaunsili ambaye hajawahi kumtia machoni.

Utaratibu huu unamwonea mgonjwa, na daktari pia.

Sheria ya Nyumba ya 1996 inazitaka kaunsili za England ziwape kipaumbele wanaohitaji kuhama kwa sababu za kiafya, ukiwemo ulemavu. Kuupima uhitaji huo ni kazi yao. Daktari wa familia anajua pumu ya mtoto imekuwa kali kiasi gani na goti la bibi limechakaa vipi. Lakini kama lifti inafanya kazi, au kama ukuta wa nyuma ya kitanda umeota ukungu, atayajuaje kama hajafika huko? Kumtaka aandike kwamba familia inahitaji vyumba vitatu ghorofa ya chini ni kumtaka atoe ushahidi wa asichokiona. Tena anayepata barua nzito ni yule anayejua kujieleza kwa Kiingereza. Wazee wetu, wanaotafsiriwa na wajukuu, wanaachwa nyuma.

Ukungu wenyewe si jambo dogo. Awaab Ishak alikuwa na miaka 2 tu ulipomuua huko Rochdale, Desemba 2020.

Mwaka 2007, katika kesi ya Shala dhidi ya kaunsili ya Birmingham, Mahakama ya Rufaa ilizikumbusha kaunsili kwamba mshauri asiyempima mgonjwa hawezi kuchukuliwa sawa na daktari aliyempima. Kesi ile ilihusu wasio na makazi, lakini naona hoja yake inasimama hapa pia.

Ninachotaka ni hiki: mgonjwa akisharidhia, kaunsili imwandikie daktari yenyewe na igharamie majibu. Imuulize ana maradhi gani, anatumia dawa gani, anaweza kupanda ngazi au hawezi. Hapo daktari naye asikwepe, ajibu upesi. Kisha kaunsili imtume mtaalamu wake akazione ngazi, bafu na kuta kwa macho yake.