Jiwe la Songwe halikuzaliwa baharini

Binti yangu wa darasa la sita kaniletea daftari lina kosa la wino mwekundu. Swali: mawe ya chokaa yametokana na nini? Kaandika kwamba ya Tanga yametokana na bahari na ya Songwe yametokana na chemchemi za maji moto. Jibu lililotakiwa ni neno moja: bahari.

Imeniuma, maana mtoto kaandika alichokiona. Mwaka jana nilimpeleka Songwe. Tulisimama penye mvuke, tukaangalia maji yanavyoacha utando kwenye mwamba. Maji yale hupanda yakiwa yamebeba chokaa iliyoyeyuka. Yakifika juu kaboni dayoksaidi inatoka, chokaa inabaki, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo mawe yanayosagwa pale kuwa saruji, na nusu ya nyumba za huku Mbeya zimesimama juu yake.

Chokaa ya mapango ya Amboni, kule Tanga, ina asili nyingine kabisa. Ni ya zama za Jurasi, zilizoanza miaka milioni 201 iliyopita zikaisha milioni 145 iliyopita, zama zilezile za dinosaria wa Tendaguru kule Lindi. Madagaska ilikuwa ikibanduka kutoka Afrika na bahari ikaingia kwenye ufa. Viumbe wa maji chumvi walikufa, magamba yao yakarundikana chini, yakashindiliwa yakawa mwamba. Ndiyo maana kwenye jiwe la namna hiyo unatafuta kombe au tumbawe lililogeuka jiwe. Bahari hiyo haikufika huku kwetu. Huku palikuwa nchi kavu.

Mwalimu ana darasa limejaa na kitabu kimoja, najua, na chokaa nyingi duniani kweli ni ya bahari. Hilo nampa. Ukidondoshea siki, la Amboni na la Songwe yote yatatoa povu. Lakini povu linakwambia hii ni chokaa tu, halikwambii ilizaliwa wapi. Kwa hilo lazima ulivunje jiwe, ulitazame ndani, na watoto wetu hawapewi hata nyundo. Tanga ni mbali, sawa. Songwe ni asubuhi moja tu, mchana mmesharudi!

Jioni kaniuliza: "Baba, nifute?" Nimemwambia aache vilevile. Jumatatu nakwenda shuleni na kipande chetu cha Songwe, nimwombe mwalimu kwa heshima tukivunje pamoja, mbele ya darasa.