Maria Sawa na Sufuria

Hivi jamani, Maria kawakosea nini Wakatalani?

Mchana napiga mzigo jikoni hapa Barcelona, na jikoni kwetu ni Kihispania mwanzo mwisho. Ukimwona Maria unasema "he visto a María". Ukiona sufuria, "he visto la olla". Maria kapewa ka-"a" kake mbele, heshima ya binadamu. Sufuria haina chake. Hilo wala halinisumbui, na sisi tuna "-mw-" yetu: nimemwona Maria, nimeona sufuria. Mtu mtu, chombo chombo.

Jioni sasa, darasa la Kikatalani, lugha ya wenyeji wa huku. Mwalimu anasema hiyo "a" iacheni mlangoni. "He vist la Maria." "He vist l'olla." Kwisha habari! Maria kapangwa rafu moja na sufuria. Kwetu hata mbu aliyekunyonya usiku kucha unasema nimemuua. Mdudu huyo!

Nikasema poa, huku hakuna upendeleo, twende hivyo hivyo. Wapi! Kugeuza ukurasa, mimi na wewe tunapewa. "T'he vist a tu", nimekuona wewe, na hapo "a" ni lazima. Watu wawili wakitazamana, "l'un a l'altre", nayo ipo. Halafu kaa vizuri usikie hii: "ningú", yaani hakuna mtu, naye anaruhusiwa. "No he vist a ningú" ni halali, ukitaka unaiweka, hutaki unaiacha. Yaani asiyekuwepo anapata "a", Maria yupo, anapumua, ana hadi kitambulisho, anyimwe!

Na hili lina wenyewe. Pompeu Fabra, aliyeandika ile sarufi rasmi ya Kikatalani ya 1918, alikuwa injinia, akafundisha kemia kule Bilbao. Mtu wa kemia ukimkabidhi lugha unategemea nini? Lazima achuje. Wengi waliiona "a" hiyo ni uchafu uliovuja kutoka Kihispania. Mwaka 2016 taasisi yao inayosimamia lugha ikatoa sarufi mpya, nene ajabu, lakini Maria wangu bado anasubiri foleni.

Kinachonimaliza kabisa ni bibi wa ghorofa ya juu. Mzaliwa wa Gràcia, mtaa wa hapa hapa Barcelona, Kikatalani kakinyonya ziwani. Kila tukikutana kwenye lifti anamtafuta mwanawe: "Has vist a la Maria?" Na "a" yake kaikoleza! Nikamuuliza mwalimu. Eti ndivyo watu wanavyosema mtaani, ila kwenye mtihani usithubutu. Sasa lugha ni ya nani, ya bibi au ya mtihani?

Nimeshaamua. Wakiniuliza siku ya mtihani nimemwona nani, sijamwona mtu. "No he vist a ningú." Na "a" naibandika hapo kwa herufi kubwa, ruksa ninayo.